Arthur Holmes, Homa ya Msumbiji na Siri ya Kilimambogo

Ukisimama Juja asubuhi na mapema, kabla malori ya mawe hayajatimua vumbi, kisha ukageuza uso upande wa mashariki, utauona mlima Kilimambogo. Umekaa peke yake juu ya uwanda kama jahazi lililopwelewa na maji. Wamasai wauita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na Wakikuyu wauita mlima wa njahi. Kimo chake ni mita 2,145 juu ya bahari, na ubavuni mwake limo kaburi la McMillan, yule tajiri wa Kimarekani aliyekuwa na shamba kubwa la Juja na kumpokea hapo Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, mwaka wa 1909. Lakini leo, ndugu msomaji, sikukusudia kuzungumza habari za McMillan. Wengi wamekwisha kuziandika.

Nilikwenda Juja kumzuru mpwa wangu, asomaye uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Jioni moja tulikuwa tumeketi nje tukinywa chai, nami nikauelekeza mkono mlimani nikamwambia kwamba ile ni volkeno ya kale iliyozimika. Nilisema kwa yakini, kwa kuwa zamani niliwahi kutunga beti kadha nikaufananisha mlima huo na jiko lililokwisha moto, na beti hizo zilichapishwa na kusifiwa. Kijana akanyamaza kidogo, kama afanyavyo kijana mwenye adabu mbele ya mjomba wake. Kisha akaniambia taratibu kwamba nimekosea. Mawe ya Juja, haya ya kujengea majumba yanayokatwa machimbo ya Ndarugu, ndiyo yaliyotokana na majivu ya volkeno, na umri wake ni miaka milioni chache tu. Kilimambogo si volkeno, wala haijapata kuwa. Ni kipande cha shina la milima mikubwa iliyokwisha lika, na umri wake hauhesabiwi kwa milioni chache bali kwa mamia ya mamilioni. Tena, akasema, kwa asili hadithi ya mlima ule ni hadithi ya bahari.

Neno hilo la bahari lilinigutusha. Mtu wa pwani ukimtajia bahari mahali ambapo hata harufu ya chumvi haifiki, hatalala. Nikamwuliza ni nani aliyeyajua hayo, naye akanitajia jina la Arthur Holmes. Nimerudi Mombasa nikayasoma maisha ya bwana huyo, na kwa kuwa sehemu moja ya maisha yake ilikuwa pwani hii hii yetu, na nusura aizikwe, nimeona si haki kuyaacha bila ya kuyasimulia.

Arthur Holmes alizaliwa tarehe 14 Januari 1890 karibu na Gateshead, kaskazini ya Uingereza, nchi ya makaa ya mawe na viwanda. Wazee wake hawakuwa matajiri, nao walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Kimethodisti walioshika dini yao barabara. Nyumbani mwao mlikuwa na Biblia, na pambizoni mwa ukurasa wa kwanza mliandikwa mwaka ulioumbwa ulimwengu, 4004 kabla ya Nabii Isa. Hesabu hiyo ilipigwa na askofu mmoja wa Ireland, Ussher, katika karne ya 17, kwa kujumlisha umri wa manabii na wafalme. Mtoto Arthur ilimshangaza sana ile tarakimu nne. Ilikuwaje isiwe elfu nne kamili? Ile miaka minne ya ziada ilitoka wapi?

Hapa nitie neno langu. Sisi tuliosoma chuoni, mkekani, hatukuwekewa tarehe ya kuumbwa ardhi. Mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akitwambia kwamba Mola ndiye ajuaye, basi, tukaendelea na sura. Kwa hiyo swali lililomsumbua kijana yule wa Gateshead halikunisumbua mimi, na labda ndiyo sababu nimeuzeeka nikidhani kila mlima ulio peke yake ni volkeno. Anayepewa jibu ovu huenda akatafuta kuliko asiyepewa jibu kabisa.

Mwaka wa 1907 Holmes alikwenda London kusoma fizikia. Wakati huo wanavyuoni wa Ulaya walikuwa wakivutana juu ya umri wa dunia. Bwana mkubwa Kelvin alikuwa amepiga hesabu ya jinsi dunia inavyopoa, mwishoni akasema haiwezi kuzidi baina ya miaka milioni 20 na 40. Wasomi wa mawe walijua kwamba muda huo hautoshi hata kidogo. Wakitazama unene wa mchanga na tope iliyolala safu juu ya safu, waliona kwamba kazi ile yataka muda mrefu zaidi. Lakini hawakuwa na saa ya kupimia.

Saa hiyo ilipatikana katika madini ya urani. Urani hugeuka yenyewe polepole ikawa risasi, yaani ile madini ya risasi, na kasi ya kugeuka kwake haizidi wala haipungui kwa joto wala kwa baridi. Mfano wake ni kijiti cha ubani. Ukiingia chumbani ukakuta kijiti kinawaka, ukapima urefu wa majivu na urefu wa kilichobaki, nawe wajua kijiti huungua kiasi gani kwa dakika, utajua kiliwashwa saa ngapi hata kama hukuwapo. Risasi iliyo ndani ya jiwe ndiyo majivu, na urani ndiyo ubani uliobaki. Wako waliolitambua jambo hili kabla ya Holmes, lakini yeye, chini ya mwalimu wake Strutt, alilipima kwa uangalifu ambao haukuwapo. Alichukua jiwe kutoka Norway akalitwanga, akaliyeyusha, akapata miaka milioni 370. Akapanga pia hesabu za mawe ya nchi nyingine, na jiwe moja la Ceylon, ambayo leo twaiita Sri Lanka, likafika miaka milioni 1,640. Habari hizo zilisomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London mwaka wa 1911. Holmes alikuwa na umri wa miaka 21, wala hakuwapo siku hiyo. Aliyezisoma ni mwalimu wake. Mwenyewe alikuwa amekwisha kuja Afrika.

Kilichomleta ni njaa, si elimu. Masurufu yake ya uanafunzi yalikuwa pauni 60 kwa mwaka mzima, na madeni yalikuwa yamemkaba. Kampuni moja ya kutafuta madini ikamwahidi pauni 35 kwa mwezi, kwa miezi sita, aende Msumbiji. Akaja na wenziwe, mmojawapo akiwa E. J. Wayland, ambaye baadaye, mwaka wa 1919, aliiongoza idara ya kwanza ya jiolojia ya Uganda. Wakashukia upande wa Memba, kaskazini ya Kisiwa cha Msumbiji.

Wasomaji wa Lamu, Mombasa na Unguja hawana haja ya kuelezwa Kisiwa cha Msumbiji ni wapi. Ni mji wa dini yetu na wa majahazi yetu, ambao Wareno waliukuta na sultani wake mwaka wa 1498, na husemekana jina lenyewe la nchi ni la huyo sultani, Musa bin Biki. Kutoka pwani hiyo Holmes na wenziwe waliingia bara kwa miguu katika nchi ya Wamakua, wakipasua mawe kwa nyundo. Dhahabu hawakuiona, wala madini yoyote ya kuwatajirisha waliowatuma. Walichokiona ni majabali: vilima vya mawe matupu vilivyosimama mmoja mmoja juu ya uwanda, kama vile Kilimambogo ilivyosimama, na ndani yake mawe yenye mistari mistari, meupe na meusi, yaliyojikunja kama unga wa chapati uliokandwa. Wataalamu wayaita naisi.

Kisha homa ikamshika. Malaria ya pwani yetu haimjui msomi wala jahili. Ilimwangusha vibaya hata habari zikapelekwa Uingereza kwamba amefariki. Mtu fikiri: mama yake huko Gateshead apata habari ya kifo cha mwanawe, ilhali mwanawe yu hai, atetemeka chini ya blanketi katika joto la Msumbiji. Mwenyezi Mungu hakutaka afe. Aliinuka, akapanda meli, akarejea kwao mifuko mitupu na mawe kadha. Homa ile haikumwacha moja kwa moja. Ilikuwa ikimrudia mara kwa mara, na vita vya 1914 vilipoanza hakuchukuliwa jeshini kwa sababu yake. Vijana wengi wa rika lake walizikwa Ufaransa. Mbu wa Msumbiji aliyetaka kumwua ndiye huenda aliyemwokoa.

Mwaka wa 1913, akiwa na miaka 23, alitoa kitabu chake juu ya umri wa dunia. Mwaka wa pili wake akaoa. Mtu angedhani tangu hapo mambo yalimnyokea. Hasha. Mshahara wa ualimu haukutosha nyumba, na mwaka wa 1920 akaitwa tena na kampuni, safari hii ya mafuta, kule Burma. Akaenda na mkewe na mtoto wao mdogo wa kiume. Kampuni ikafilisika, mishahara haikulipwa, na lililo zito kuliko hayo yote, yule mtoto alishikwa na tumbo la kuhara akafa. Wakamwacha ardhini huko, wakarudi Uingereza wawili walioondoka watatu. Bwana aliyekuwa ameipa dunia umri wake alikaa bila ya kazi, akafungua kiduka katika mji wa Newcastle, akiuza vitu vya mapambo kutoka nchi za mashariki. Nimekisoma kisa hiki mara mbili kwa kutoamini.

Mwaka wa 1924 Chuo Kikuu cha Durham kilianzisha idara ya jiolojia kikampa Holmes. Hapo mwanzo alikuwa yeye peke yake, mwalimu na mkuu wa idara kwa pamoja. Hapo ndipo alipofanya la pili kubwa katika maisha yake.

Mjerumani mmoja, Alfred Wegener, alikuwa amesema tangu mwaka wa 1912 kwamba mabara yalikuwa yameungana zamani, kisha yakaachana yakatembea. Alicheka nani? Wote. Swali walilomwuliza lilikuwa moja: ni nguvu gani iwezayo kusukuma bara zima? Wegener hakuwa na jibu lililotosheleza, akafa katika theluji ya Greenland mwaka wa 1930. Holmes ndiye aliyelitafuta jibu. Aliyejua habari za urani alijua pia kwamba inapogeuka hutoa joto, na joto hilo halina pa kwenda ila juu. Ukiinjika chungu cha uji mzito, utauona uji ukipanda katikati, ukitambaa kandokando, kisha ukizama tena pembeni. Holmes alisema kwamba mawe yaliyo chini sana ya miguu yetu, ingawa ni magumu, kwa muda mrefu mno huenda mwendo huo huo wa uji, na mabara hubebwa juu yake kama utando. Panapopanda, bara hupasuka na bahari huzaliwa. Panapozama, bahari humezwa. Hayo aliyasema mbele ya jumuiya ya jiolojia ya Glasgow, na yakachapishwa mwaka wa 1931. Wengi waliyasoma wakayaweka kando.

Afrika haikumtoka moyoni. Rafiki yake Wayland na wenzake walikuwa wakimpelekea mawe kwa meli kutoka Uganda, ya volkeno za Bufumbira na za upande wa Katwe na Ankole, naye Durham akiyachunguza chini ya darubini. Akaona mawe ambayo hayakuwa na jina ulimwenguni, akayapa majina ya huko huko: moja aliita katungaiti kwa ajili ya mahali paitwapo Katunga, jingine mafuraiti kwa Mafuru, jingine ugandaiti. Mkewe wa kwanza alifariki mwaka wa 1938, na mwaka uliofuata akamwoa Doris Reynolds, naye mwanajiolojia hodari. Mwaka wa 1943 wakahamia Edinburgh, na mwaka wa 1944 akatoa kitabu chake kikubwa juu ya misingi ya jiolojia, alichokiandika usiku wa vita akiwa katika zamu ya kulinda moto wa mabomu. Mpwa wangu aniambia kitabu hicho kimewafunza walimu wa walimu wake.

Sasa nifike Kilimambogo.

Mwaka wa 1948 wanajiolojia wa dunia walikutana London, na Holmes akawasomea habari za mikanda ya milima ya kale sana katika Afrika. Alikuwa amekusanya ramani za nchi nyingi na umri wa mawe mengi. Akaonyesha kwamba mawe ya magharibi, mathalan ya Nyanza na ya Mwanza, yana mwelekeo wake na ni makongwe mno, zaidi ya miaka milioni 2,000. Lakini ukija upande wa mashariki wafika mahali ambapo mistari ya mawe yageuka ghafula ikaelekea kaskazini na kusini, na mwelekeo huo haukomi tangu Msumbiji, upite Tanganyika, upite Ukambani na Taita, uende hadi Uhabeshi. Mkanda mmoja mrefu, kama mshono. Na kwa kuwa mara ya kwanza aliyaona mawe yake alipokuwa kijana wa miaka 21 mwenye homa, aliuita Mkanda wa Msumbiji. Makala hayo yalichapishwa mwaka wa 1951, na jina hilo latumiwa mpaka leo.

Holmes aliuona mshono, lakini hakusema vilivyoshonwa vilikuwa vimetengwa na bahari kuu. Hilo lilikuja baada yake. Kwa hakika lilimpita kwa kitambo kidogo tu, kwani alifariki London tarehe 20 Septemba 1965, na mwaka wa 1966 Mkanada Tuzo Wilson aliandika kuuliza kama bahari ya Atlantiki haikuwahi kufunga na kufunguka tena. Tangu hapo wataalamu walianza kuitazama kila milima ya kale kwa jicho jingine: labda hapa palikuwa na bahari, ikafunga, mabara yakagongana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bahari iliyokuwa hapa kwetu ilipewa jina, nayo ikaitwa Bahari ya Msumbiji. Mabara ya upande huu na upande ule yaliifunga na kugongana baina ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, hata yakajenga milima ambayo huenda ilikuwa mirefu kama Himalaya.

Je, ushahidi uko wapi? Hilo ndilo nililomkalia mpwa wangu. Akanijibu kwamba ushahidi ni mashapo. Kila bahari hutuama kitu chini yake: chokaa itokanayo na makombe na viumbe vyake, mchanga wa fukwe, na tope nyeusi ya vilindini iliyojaa viumbe vilivyooza. Bahari ikifunga, mashapo hayo hayana pa kukimbilia. Hubanwa baina ya mabara mawili kama ufuta kinuni, yakashushwa kilomita nyingi chini, yakapikwa katika joto kali na kukunjwa. Chokaa ikipikwa hivyo hugeuka marumaru. Mchanga hugeuka kwatzaiti, jiwe gumu kama chuma. Tope nyeusi hugeuka jiwe la kumetameta lenye grafiti ndani yake, ile ya kutilia penseli, na grafiti hiyo ndiyo mabaki ya viumbe vya bahari.

Nenda Turoka, karibu na Kajiado, utaona marumaru nyeupe na kwatzaiti zimelala pamoja. Nenda Taita utaona marumaru na grafiti. Lile jiwe la kijani la thamani lichimbwalo Taita-Taveta, lililopewa mwaka wa 1974 jina la tsavorite kwa ajili ya Tsavo, limezaliwa ndani ya tope hizo za kale, na ukijani wake hutokana na madini yaliyokuwa ndani ya tope ile. Wanawake wa Marekani huvaa kidoleni tope ya bahari yetu bila ya kujua. Na Sekerr, Pokot Magharibi, kuna vipande vya sakafu yenyewe ya bahari, yale mawe mazito meusi ambayo hukaa chini ya mashapo, vilivyosukumwa juu mabara yalipogongana.

Wenye jamaa Maskati wataelewa zaidi. Yale majabali ya rangi ya kutu nyuma ya Maskati na Matrah ni sakafu ya bahari nyingine, changa kuliko yetu, iliyopandishwa nchi kavu. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 95 tu, ndiyo sababu bado yaonekana waziwazi. Himalaya nayo ilitokana na India kuigonga Asia, na kileleni mwa Everest kuna mawe ya chokaa ya bahari. Yetu yamekwisha lika mpaka mizizi, na Kilimambogo ni mzizi mmojawapo uliokataa kulika. Hata miamba ya Hijazi, ambayo mahujaji wetu huikanyaga, ni ya asili hiyo. Ilianza kama visiwa vya volkeno katika bahari ile ya kale, visiwa vikasukumwa vikashikana hata vikawa nchi.

Nilipokuwa narudi Mombasa nilikaa dirishani, na kwa mara ya kwanza katika miaka yangu mingi ya kupita njia ile nikajua ninapita wapi. Uwanda wa Athi na Kapiti ni lava. Ukiteremka kuelekea Sultan Hamud waingia katika mawe ya Mkanda wa Msumbiji, na ukiacha lava za Chyulu, hayo ndiyo mawe yako hata uipite Voi. Upande wa kaskazini waiona Yatta, ule ukuta mrefu wa lava uanziao karibu na Kilimambogo kwenyewe ukanyooka kilomita kama 290. Kisha zaja Taru, Mariakani na Mazeras, mawe ya mchanga yaliyotuama zamani nchi ilipoanza kuchanika tena, nayo ndiyo tunayotandika barazani. Mwisho ni matumbawe ya kisiwa chetu, yaliyojenga Ngome ya Yesu na nyumba zetu. Kwa hiyo njia ile moja yapita juu ya bahari iliyokufa, ikaja kukoma ufukweni mwa bahari iliyo hai.

Niliyaeleza haya barazani baada ya sala ya alasiri. Mzee mmoja, rafiki yangu na mtu wa elimu, akanitazama kwa jicho la mashaka akataka kujua hizo milioni mia sita nimezipata katika kitabu gani, na kama sitaki kuwatia vijana shaka. Nikamjibu kwamba sioni dini ilipoguswa. Hatukupewa tarehe, basi hatuna tarehe ya kuitetea. Aliyekuwa na tarehe ya kuitetea ni yule askofu. Mzee hakuniunga mkono wala hakunipinga. Akasema tu kwamba yataka mtu awe mwangalifu na Wazungu na hesabu zao, nami nikakubali, maana Kelvin naye alikuwa Mzungu na hesabu yake ilikuwa mbovu.

Holmes alipewa heshima zake uzeeni. Mwaka wa 1956 alipata nishani mbili kubwa za jiolojia, moja ya Uingereza na moja ya Marekani, na mwaka huo huo Mmarekani Clair Patterson alitoa hesabu ya umri wa dunia yote, miaka milioni 4,550, ambayo mpaka leo haijatenguliwa. Mwaka wa 1964 akatunukiwa tuzo ya Vetlesen. Mabara yanayotembea, yaliyochekwa siku za Wegener, yalikuwa yameanza kukubaliwa, kwa kuwa wapimaji wa sakafu ya Atlantiki walikuta bahari kweli yafunguka katikati. Afya yake ilikuwa imekwisha dhoofika, lakini alikiandika upya kitabu chake kizima, kikatoka mwaka wa 1965, mwaka ule ule aliofariki.

Mpwa wangu alinipa kipande cha marumaru nyeupe kutoka Turoka, kiasi cha yai la kuku. Nyumbani nilikichunachuna kwa msumari mpaka kikatoa unga kidogo, kisha nikachukua kibonge cha tumbawe kilichoanguka ukutani mwa ua wangu, nacho nikakifanya vivyo hivyo. Nikakata ndimu moja, nikaikamulia nusu hii huku na nusu hii kule. Vyote viwili vilitoa povu dogo dogo. La tumbawe lilikuwa jingi zaidi. Wajukuu walinizunguka kutazama, na mdogo wao akaniuliza kama jiwe lina roho.